Roboti haikuoni, mzee wangu

Mgeni anapoingia karakana yetu kwa mara ya kwanza, macho yake huanza kutafuta uso. Nimewaangalia kwa miaka sasa, maana kazi yangu ni kufunga mikono ya roboti, kuifundisha njia zake na kuitengeneza ikiharibika, na wageni wakija mimi ndiye ninayewatembeza. Wakubwa kwa wadogo, wote ni hivyo hivyo. Mkono wenyewe umesimama pale, chuma kilichopakwa rangi ya machungwa, mota sita zimepangana kuanzia kitako mpaka kifundo, na hauna kichwa. Mgeni atauzunguka mpaka apate kitu cha kukitazama: lenzi ya kamera, taa ndogo ya kijani, hata tundu la skrubu. Akishakipata, hapo ndipo anaposimama na hapo ndipo anapoelekeza maswali. "Inaongea?" "Inatusikia sasa hivi?" Na lile lisilokosa: "Je, siku ikikasirika?"

Maswali hayo nayaheshimu. Wameyatoa palepale nilipoyatoa mimi, kwenye hadithi na filamu za kisayansi. Nilikua nazipenda, na bado nazipenda. Ndizo zilizonivuta kwenye kazi hii. Lakini kadiri ninavyokaa na mashine zenyewe, ndivyo ninavyozidi kuona kwamba hadithi zimetuzoesha kutazama mahali sipo. Zimetuzoesha kuuliza roboti ina nia gani, wakati jambo la kuuliza kwanza ni roboti inajua nini kuhusu kilicho mbele yake. Mara nyingi haijui chochote.

Picha ya roboti ni ya zamani kuliko roboti yenyewe, na hilo linaeleza mengi. Mwaka 1921 jijini Prague ilichezwa tamthilia ya Karel Čapek, R.U.R., ambamo wafanyakazi wa kutengenezwa, wenye sura na miili ya watu, wanaasi na kuwaangamiza binadamu. Mwaka 1927 ikaja filamu ya Kijerumani, Metropolis, na mwanamke wake wa chuma. Mwaka 1939, kwenye maonesho makubwa ya New York, watu walipanga foleni kumwona Elektro, dude la chuma lenye kimo cha zaidi ya meta mbili lililokuwa likitembea, likivuta sigara na kuzungumza. Sauti yake ilitoka kwenye sahani za santuri. Amri alizopewa kwa mdomo hakuzielewa hata moja, kwani mitambo yake ilikuwa ikihesabu tu mapigo ya sauti, silabi ngapi na kwa mpangilio gani, halafu swichi zinafunguka. Mtangazaji angeweza kusema maneno mengine kabisa yenye mapigo yaleyale na Elektro angetii vilevile. Watazamaji waliondoka wakiamini wamemwona mtumishi anayesikia.

Mpaka hapo hakukuwa na roboti hata moja duniani iliyokuwa ikifanya kazi ya kiwandani. Ya kwanza, Unimate, iliingia kazini mwaka 1961 kwenye kiwanda cha General Motors huko New Jersey, Marekani. Aliyeibuni ni George Devol, na aliyeihangaikia mpaka ikanunulika ni Joseph Engelberger, msomaji mkubwa wa hadithi za Isaac Asimov. Mashine hiyo ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani moja, na kazi yake ilikuwa kutoa vipande vya chuma vyenye moto kutoka kwenye mashine ya kumiminia. Sanduku na mkono, basi. Haina miguu wala macho, wala haina habari na yeyote aliyesimama karibu.

Vizazi vya Unimate ndivyo vilivyoijaza dunia. Leo viwandani kuna roboti zaidi ya milioni 4 zinazofanya kazi, na nyingi ni mikono kama wangu wa rangi ya machungwa. Kwenye maghala kuna nyingine bapa, zinazoteleza chini ya rafu, kuibeba rafu nzima na kuipeleka kwa mfungashaji. Mwambie mtu achore roboti: hatachora hata moja kati ya hizo. Atachora kichwa, macho mawili ya mviringo na mikono miwili. Atachora kile kilichokuwepo kwenye jukwaa la Prague kabla ya mashine kuwepo.

Kwamba watu wanachora vibaya si neno. Kinachonisumbua ni wanaposimama.

Siku moja walitutembelea walimu wastaafu. Mmoja wao, mzee mrefu mwenye adabu nyingi, nilimwamkia na kumweleza mstari wa njano uliochorwa sakafuni, kwamba mtu asiuvuke. Mkono ulikuwa kazini ndani ya uzio, ukitoa vipande kwenye mkanda na kuvipanga kwenye trei. Baada ya muda nikamwona amesimama kwenye lango la uzio, ametulia kabisa, mikono ameikunja nyuma. Nikamfuata nikamuuliza kama anahitaji chochote.

"Nilitaka kupita upande ule niitazame vizuri," akasema. "Nasubiri inione kwanza."

"Haikuoni, mzee wangu."

"Na lile jicho pale juu?"

Nikamweleza kwamba ile kamera inatazama mkanda tu, kipande cha mkanda chenye upana wa meza ndogo, na hata hapo inatafuta umbo moja: duara lenye tundu katikati. Kisicho duara lenye tundu, kwa kamera ile, hakipo. Mtu akiingiza kichwa chake pale, kamera itaona kwamba duara halijafika.

"Kwa hiyo nikiwa nimesimama njiani..."

"Mkono utapita hapo ulipo kama vile hapana mtu."

Mzee akarudi nyuma mpaka akauacha mstari wa njano mbali. Akautazama mkono unavyokwenda na kurudi, kwa mwendo uleule, bila kuchoka. Kisha akaniambia: "Basi afadhali ingekuwa na hasira, binti yangu. Mwenye hasira angalau anakuona."

Lango lile, kwa kumtuliza msomaji, lina swichi. Angelifungua tu, umeme wa mota ungekatika. Lakini maneno yake yamekaa nami kuliko kitabu chochote cha usalama nilichosomeshwa. Filamu zinatuonesha mashine inayotuchukia, na chuki ni aina ya kutambuliwa. Mashine iliyotuchukia imetuchunguza, imetupima, imetuona tuna thamani ya kuangamizwa. Hatari ya kweli ninayokaa nayo kazini ni ya mashine ambayo haijui kwamba kuna watu duniani.

Mtu wa kwanza kufahamika kuuawa na roboti alikufa tarehe 25 Januari 1979, Michigan, katika kiwanda cha kumiminia vyuma vya magari. Alikuwa kijana wa miaka 25. Alipanda kwenye rafu ya kuhifadhia vipuri kutoa vipande kwa mkono, na mashine iliyokuwa ikifanya kazi hiyohiyo, ya kwenda kwenye rafu na kutoa vipande, ikaja kutoka nyuma na kumpiga. Hakukuwa na uasi wowote. Mashine ilikuwa inakwenda ilikotumwa, haikuwa na cha kuiambia kwamba njiani yumo mtu, wala hapakuwa na king'ora cha kumwambia mtu kwamba mashine inakuja. Na baada ya kumpiga iliendelea na kazi. Nikisimulia kisa hiki kwa wageni, huwa kuna anayeuliza kama baadaye waligundua kwa nini iliamua kufanya vile, na huwa najibu taratibu, kwa sababu najua swali limetoka wapi: haikuamua.

Hapo ndipo huja lile swali la sheria. Mwaka 1942 Asimov alichapisha hadithi yenye sheria tatu za roboti: isimdhuru binadamu wala isikae kimya akidhurika; itii amri za binadamu ilimradi hazivunji sheria ya kwanza; ijilinde yenyewe ilimradi haivunji hizo mbili. Wageni wengi wanazijua, hata wasiojua zimeandikwa na nani, na huniuliza kama na wangu nimeuwekea. Wanaposikia hapana huingiwa na hofu, kama vile nimewaambia nimesahau kufunga breki.

Lakini fikiria sheria ya kwanza inadai nini. Inadai mashine imjue binadamu akiwa amesimama, ameinama, amejifunika koti, ameonekana mkono tu nyuma ya boksi. Inadai ijue dhara ni nini, na ijue kabla halijatokea. Mkono wangu unajua duara lenye tundu. Sheria hizo ni nzuri kwa hadithi, na Asimov mwenyewe alizitumia kwa kuonesha zinavyokwama. Hadithi ile ya 1942 ni ya roboti inayozunguka mahali pamoja kwa sababu sheria mbili zinaivuta huku na huku. Watu wamezichukua sheria na kuuacha mkwamo.

Tulichonacho badala yake si cha kusimuliwa kwenye sinema, ila mimi nakipenda sana. Tuna uzio. Tuna pazia la mwanga, mistari ya miale isiyoonekana ambayo ukiikatiza kwa kidole tu kila kitu kinasimama. Tuna kikomo cha mwendo: fundi anapokuwa ndani ya uzio akiufundisha mkono, hauruhusiwi kuzidi milimita 250 kwa sekunde, mwendo ambao binadamu anaweza kuukwepa. Tuna kitufe chekundu cha dharura kilichowekwa juu ya duara la njano ili jicho lililopagawa lisikikose.

Na tuna swichi ya ruhusa, ambayo kwangu ndiyo kifaa chenye busara kuliko vyote ndani ya karakana. Iko nyuma ya rimoti ya kufundishia, chini ya vidole vyako. Ukiibonyeza kwa wastani, mkono unaruhusiwa kutembea. Ukiiachia, unasimama. Ukiiminya kwa nguvu, unasimama pia. Kwa nini pia? Kwa sababu aliyeibuni aliwatazama watu wakishtuka, akaona wako wanaoachia kila walichoshika, na wako wanaokakamaa na kukamata kwa nguvu zote, na hakuna ajuaye atakuwa yupi mpaka siku ifike. Kwa hiyo akatengeneza swichi inayowaokoa wote wawili. Mashine haimjui binadamu hata chembe, ila aliyeitengeneza alimjua. Sheria tatu zote za Asimov, kwa kadiri zinavyowezekana leo, ziko kwenye ile springi ndogo.

Jambo jingine ambalo hadithi zimetugeuzia juu chini ni lipi jepesi na lipi zito. Kwenye filamu roboti hutembea, hushuka ngazi, humimina kinywaji, hubeba mtoto, yote haya yakipita kama mambo ya kawaida. Kinachoishinda ni kufikiri, au kupenda. Mwanasayansi Hans Moravec aliandika mwaka 1988 kwamba hali ni kinyume: kuifanya kompyuta icheze michezo ya akili kama mtu mzima ni rahisi ukilinganisha na kuipa uwezo wa kuona na kutembea wa mtoto wa mwaka mmoja. Mei 1997 kompyuta ya IBM, Deep Blue, ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji. Ukitazama picha za mchezo ule utaona mtu ameketi mkabala na Kasparov. Huyo ni mfanyakazi wa IBM; kompyuta ilifikiri, mtu akasogeza kete.

Sasa weka hilo pembeni ya taulo. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliifundisha roboti kukunja taulo ambazo haijawahi kuziona. Ilifanikiwa mara 50 kati ya 50, na kwa wanaoijua kazi hii lilikuwa jambo kubwa. Kila taulo ilichukua karibu dakika 25. Kitambaa hakina umbo moja. Ukikishika pembe, pembe nyingine zinahama. Roboti ilikuwa ikikiinua, ikikigeuza mbele ya kamera, ikitafuta pembe, ikikosa, ikikigeuza tena.

Nayajua mahangaiko hayo kwa karibu. Kuna kazi moja tuliyopewa ambayo mtu angedhani ni ya asubuhi moja: kuokota vifuko vyepesi vya plastiki vilivyomwagwa ndani ya kreti na kuvipanga. Vidole vya chuma vilivipenya. Tukaweka kikombe cha mpira kinachofyonza hewa. Kikashika vifuko viwili kwa pamoja, au kikafyonza mkunjo, hewa ikavuja, kifuko kikadondoka nusu ya njia. Tukapata kikombe laini zaidi chenye mikunjo kama koromeo, na kwa siku kadhaa kazi ikaenda vizuri, mpaka tukagundua kwamba kila siku ikifika saa kumi alasiri mkono unaanza kupapasa hewa. Lilikuwa jua. Liliingia kwa dirisha la upande, likapiga plastiki, plastiki ikang'aa, na kamera ikaona kifuko mahali penye mng'ao. Mkono ulishuka kwa uhakika kabisa, ukafyonza hewa tupu, ukapanda, ukasogea kwenye trei na kuweka chini kile ambacho haukuwa nacho. Kisha ukarudi kuchukua kingine. Tulitundika turubai dirishani.

Ukishawahi kuuona mkono ukiweka chini kifuko ambacho haukukiokota, hutaogopa tena kwamba unapanga njama. Ila utaanza kuogopa kitu kingine: uhakika wake. Binadamu akipapasa gizani huwa na wasiwasi, na wasiwasi humfanya apunguze mwendo. Huu hauna wasiwasi wowote.

Juni 2015, Pomona, California, yalifanyika mashindano ya roboti za uokoaji yaliyodhaminiwa na idara ya utafiti ya jeshi la Marekani, DARPA. Kulikuwa na kuendesha gari, kushuka garini, kufungua mlango, kufungua valvu, kupanda ngazi. Picha zilizosambaa ni za roboti zinazoanguka, zingine zikiwa zimeshika kitasa tu. Watu walicheka sana mtandaoni, na mimi kicheko kile kiliniuma, kwa sababu walikuwa wakizilinganisha na filamu. Iliyoshinda, DRC-HUBO ya Korea Kusini, ilimaliza kazi zote nane kwa chini ya dakika 45 na kuzoa dola milioni 2. Unajua ilifanya nini wenzake wakianguka? Ilipiga magoti. Ilikuwa na magurudumu kwenye magoti, na kila ilipoweza ilikunja miguu na kujivuta kwa magurudumu. Timu hiyo ilikubali kwamba kutembea kama mtu ni kugumu, ikatembea kama mtu pale tu ngazi zilipolazimu. Kwangu ule ndio ushindi wa kihandisi wa kujivunia.

Ni kwa sababu tumeshaamini kwamba kutembea na kushika ni vyepesi ndiyo maana ni rahisi kutudanganya. Mpwa wangu, kijana wa miaka 14 mwenye shauku ya mambo haya, hunitumia video karibu kila wiki na swali moja: "Shangazi, hii ni ya kweli?" Siku moja tulikaa pamoja kutazama moja, roboti yenye umbo la mtu ikipanga vyombo jikoni. Nikamwambia aachane na roboti kwanza, atazame pembeni. Kwenye kona ya chini kulikuwa na namba ndogo, kumi na alama ya kuzidisha. Maana yake video imeharakishwa mara kumi. Nikamwambia atazame saa ya ukutani: kati ya kikombe na sahani mshale ulikuwa umeruka, maana yake wamekata na kuunga. Kisha nikamuuliza, unadhani anayeiongoza yuko wapi? Hilo hakuwa amelifikiria. Kwenye filamu roboti huwa iko peke yake.

Huku nje si hivyo. Oktoba 2024 kampuni moja kubwa ya Marekani ilizileta roboti zake kwenye sherehe, zikamimina vinywaji na kupiga soga na wageni, na baadaye ikajulikana kwamba watu walikuwa wakizisaidia kwa mbali. Kuongoza kwa mbali si kosa hata kidogo. Mfumo wa upasuaji wa da Vinci, ulioruhusiwa Marekani mwaka 2000, unaitwa roboti dunia nzima, na hauamui kukata popote: daktari ameketi hatua chache kutoka kitandani, vidole vyake vikiongoza vyuma vidogo ndani ya mwili wa mgonjwa. Ni kifaa kizuri mno. Kinachonikera ni mtu kufichwa. Mgonjwa anayedhani mashine ndiyo itakayompasua ataiogopa au kuiamini mashine, na atasahau kumuuliza daktari amefanya upasuaji huo mara ngapi.

Upande wa mapenzi nao una yake. Gari la utafiti Opportunity lilitua kwenye sayari ya Mirihi Januari 2004, likitarajiwa kufanya kazi siku 90 za huko. Lilitembea zaidi ya kilometa 45 na kudumu mpaka Juni 2018, dhoruba ya vumbi ilipofunika jua na betri zikaisha. Dunia ikaomboleza kwa maneno yanayosemekana kuwa ya mwisho ya gari hilo, kwamba betri yangu inaisha na giza linaingia. Gari halikusema hivyo. Lilituma takwimu za umeme na za mwanga, na mwandishi wa habari mmoja akazieleza kwa maneno hayo. Nililia na mimi. Ila naona wahandisi walioliendesha kwa zaidi ya miaka 14 walistahili sehemu ya machozi yale, nao hatukuyajua hata majina yao.

Anayenivutia zaidi katika haya yote ni Takanori Shibata wa Japani, aliyebuni Paro, roboti ya kukaa na wazee na wagonjwa wenye kusahau. Alijaribu kwanza umbo la paka. Watu walimshika, wakamlinganisha na paka wanaowajua, wakaona amepungukiwa. Akahamia kwenye mtoto wa sili, mnyama wa baharini mwenye manyoya meupe ambaye wengi wetu hatujawahi kumbeba. Hakuna aliyekuwa na sili wa kumlinganisha naye, kwa hiyo watu walimpokea kama alivyo. Shibata alielewa kwamba mtu haji kwa roboti akiwa mtupu. Anakuja na picha yake tayari, na picha hiyo usipoishughulikia itakushinda hata mashine yako iwe nzuri vipi. Natamani wanaotengeneza roboti zenye nyuso za watu leo wangekaa na jambo hilo kwa muda. Ukiipa mashine uso wa mtu, umeahidi akili ya mtu, na ahadi hiyo utadaiwa.

Na gharama ya picha hizi si ya hisia tu. Machi 2011, tetemeko na tsunami vilipoharibu kinu cha nyuklia cha Fukushima, watu wengi Japani na nje walijiuliza: roboti ziko wapi? Hii ilikuwa nchi ya ASIMO, roboti ya Honda iliyotembea kwa miguu miwili, kupanda ngazi na kupiga mpira mbele ya kamera za dunia tangu mwaka 2000. ASIMO haikutengenezwa kwa vifusi wala mionzi. Baada ya ajali ya nyuklia ya Tokaimura ya mwaka 1999, Wajapani walikuwa wametengeneza roboti za ajali kama hiyo, lakini hazikuendelezwa. Zilizoingia Fukushima mwezi Aprili zilikuwa PackBot za Marekani, vitu vya minyororo kama vifaru vidogo, vilivyozoeleka kwa kutegua mabomu.

Kisha Juni ikaingia Quince, iliyotengenezwa na watafiti wa Kijapani. Nayo ni ya minyororo, ina vikono vinne vya kukwea ngazi na waya mrefu nyuma wa mawasiliano, kwa kuwa kuta nene za kinu hazipitishi redio. Oktoba mwaka huohuo ilipanda mpaka ghorofa ya tano ya jengo la kinu namba 2, ikapima mionzi mahali ambapo hakuna mtu angeweza kusimama. Ikirudi, ghorofa ya tatu, waya ukanasa. Mawasiliano yakakatika, ikabaki humohumo. Vipimo vilikuwa vimeshafika.

Hapa kuna hadithi nzima ya kisayansi ambayo haihitaji macho mekundu. Ina ngazi nyembamba, ina waya, ina mtu aliyeshika vidhibiti anayelazimika kuchagua kati ya kupanda ghorofa moja zaidi na kugeuza. Mwandishi anayetaka kuiandika, au nyingine ya aina yake, namkaribisha karakana. Nitampa viatu vya usalama, nitamwekea rimoti mkononi na vidole kwenye swichi ya ruhusa, na nitamwomba aokote kifuko kimoja cha plastiki. Aanze asubuhi. Turubai nitalitoa saa kumi.